Kwa Nini Toleo Jipya la Linux Huchelewa

Tangu muhula huu uanze, wanafunzi wanaokuja katika chumba cha kompyuta, ambacho ufunguo wake nimekabidhiwa mimi, wameniuliza swali moja kuliko mengine yote. Swali lenyewe ni hili: Kwa nini mfumo wa Linux haupati toleo jipya upesi, na kwa nini toleo likikwisha kutajiwa siku huweza kuahirishwa juma moja, miezi, hata miaka? Wengine husema kwa kucheka kwamba watu wasiolipwa mshahara hawana haraka. Nitajaribu kueleza jambo hili kadiri niwezavyo, maana si la watu wa mbali tu. Ndilo litakalotuamulia sisi wa Kaengesa tuweke nini katika mashine zetu, na tuweke lini.

Kwanza yafaa tujue Linux ni kitu gani. Mwaka 1991 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Helsinki, katika nchi ya Finland, jina lake Linus Torvalds, aliandika kiini cha mfumo wa kuendesha kompyuta, akakitoa ili wenzake wakisome, wakitumie na kukirekebisha. Lakini kiini peke yake hakimfai mtumiaji, kama vile injini iliyowekwa chini ya mti haimfikishi mtu Sumbawanga. Yatakiwa magurudumu, viti, taa na usukani. Yaani programu ya kuandikia barua, ya kuchapia, ya kuchorea, ya kusikilizia sauti, na maelfu mengine. Wako watu wanaovikusanya vitu hivyo vyote, wakavipatanisha na kuvitoa pamoja kama kitu kimoja. Kazi yao ndiyo iitwayo mkusanyo wa Linux, na kila programu iliyo ndani yake huitwa kifurushi.

Mmojawapo wa mikusanyo mikubwa inayotengenezwa na watu wa kujitolea ni Debian. Uliasisiwa tarehe 16 Agosti 1993 na Ian Murdock, aliyeunganisha jina lake na la Debra, mchumba wake wa wakati ule. Toleo lake la 13, lililotoka tarehe 9 Agosti 2025, lina vifurushi zaidi ya 69,000. Hesabu hiyo usiipite haraka, ndugu msomaji. Kila kifurushi kina mlezi wake au kundi la walezi. Mmoja yuko Brazil, wa pili Ujerumani, wa tatu India, na wengi wao hawajapata kuonana kwa macho. Hakuna mkuu wa kazi awezaye kumwambia mlezi, "Kesho uwe umemaliza, ama sivyo utakatwa mshahara." Tena vifurushi vyenyewe hutegemeana. Mlezi mmoja akibadili kitu kidogo katika kifurushi ambacho wenzake mia wanakitumia, hao mia wote hawana budi kujaribu upya kazi zao. Ukielewa jambo hilo moja, nusu ya swali imekwisha kujibiwa.

Sasa tazama magari ya abiria. Liko basi linaloondoka kwa saa: ikifika saa kumi na mbili asubuhi linaondoka, hata kama viti vinne ni vitupu na mwenye mzigo wa maharage bado anakimbia njiani. Liko na gari dogo linaloondoka likijaa. Ukimwuliza utingo saa ya kuondoka, atakujibu, "Sasa hivi," na sasa hivi yake huweza kuwa saa mbili. Mikusanyo ya Linux nayo ni ya namna hizo mbili. Iliyo mingine hutolewa kwa tarehe, na kitu kisichokuwa tayari huachwa kingojee safari nyingine. Mingine hutolewa ikiwa tayari, na siku haijulikani. Kwa miaka mingi Debian ilikuwa gari la kuondoka likijaa, na wenyewe walijivunia neno hilo: Litatoka likiwa tayari.

Lakini "tayari" maana yake nini? Katika Debian kifurushi kipya hupelekwa kwanza katika kiwanja kiitwacho Sid. Matoleo ya Debian hupewa majina ya vinyago katika sinema ya Toy Story, na Sid ndiye yule mtoto wa jirani avunjaye vinyago, kwa hiyo jina linafaa. Kifurushi kikikaa huko siku kadhaa bila kuonekana kasoro kubwa mpya, huhamishiwa kiwanja cha pili, cha majaribio. Humo ndimo toleo lijalo linamojengeka. Kisha huja wakati wa kufunga mlango, ambao wenyewe huuita kugandisha. Vitu vipya havipokelewi tena. Yapokelewa marekebisho ya kasoro tu. Kasoro zile zinazoitwa za kuzuia toleo huhesabiwa, na hesabu yake yaonekana wazi kwa kila mtu. Hesabu ikikaribia kwisha, siku hutajwa.

Kwa nini mlango ufungwe? Wazee wetu wa Ufipa waliolima kwa matuta ya ntumba walijua sababu bila kuambiwa. Nyasi hufukiwa chini ya udongo mvua zikielekea kwisha, lundo likaachwa lioze, na msimu unaofuata ndipo hufumuliwa na kupandwa. Mtu anayefumua lundo kila juma ili atie nyasi mbichi hatapata mbolea. Vifurushi navyo, vikiingia vipya kila siku, kasoro hazitakwisha kamwe, kwa kuwa kila kipya huja na zake.

Sasa nieleze kisa cha toleo la 3.1, liitwalo Sarge, maana katika kisa hicho sababu zote za kuchelewa zimekutana. Toleo lililotangulia lilitoka Julai 2002. Watu walitazamia Sarge litafuata baada ya mwaka mmoja na kitu, na lengo likatajwa kuwa Desemba 2003. Lakini programu ya kuwekea mfumo katika mashine ilikuwa imechakaa, wakaamua kuandika nyingine mpya kabisa, nayo ilipaswa kufanya kazi katika aina 11 za mashine. Novemba 2003 wahalifu waliingia katika seva kadhaa za Debian, ikalazimu kazi isimame ili kila kitu kikaguliwe. Mwaka 2004 wanachama walipiga kura juu ya maneno ya mkataba wao, wakagundua baadaye kwamba kura hiyo ingelazimisha vitabu vingi vya maelezo viondolewe kabla toleo halijatoka. Wakapiga kura nyingine ili sharti hilo lingoje. Ikatajwa Septemba 2004. Septemba ikapita, kwa kuwa mitambo ya kutengenezea marekebisho ya usalama haikuwa tayari, na toleo lisilo na marekebisho ya usalama ni kama nyumba isiyo na komeo. Mwishowe Sarge lilitoka tarehe 6 Juni 2005, karibu miaka 3 tangu toleo la kwanza yake.

Katika miaka hiyo watu waliochoka kungoja walikwenda kwingine, na hapo ndipo kilipozaliwa kitu ambacho wengi wenu mnakijua kwa jina. Mwafrika wa Kusini aitwaye Mark Shuttleworth, ambaye zamani alikuwa mmoja wa watengenezaji wa Debian, alikusanya watu wachache, akawalipa, wakachukua vifurushi vya Debian na kuvitoa kwa tarehe. Mkusanyo huo ni Ubuntu, neno la ndugu zetu wa kusini lililo na shina moja na neno letu utu. Toleo la kwanza lilitoka Oktoba 2004 likaitwa 4.10, yaani mwaka wa 4 mwezi wa 10. Tangu hapo hutoka kila miezi 6, Aprili na Oktoba, na kila miaka 2 toleo la Aprili huwa la kutunzwa muda mrefu. Hata mwaka 2011 CD zake zilikuwa zikipelekwa kwa posta bure kwa yeyote aliyeziomba.

Ubuntu ni basi la saa, lakini hata basi la saa lilipata kuchelewa. Toleo la Aprili 2006 lilikuwa la kwanza kuahidiwa utunzaji wa muda mrefu, na Shuttleworth akaomba lisogezwe majuma 6 ili lisafishwe zaidi. Likatoka tarehe 1 Juni 2006, likaitwa 6.06. Ukitazama orodha yote ya matoleo ya Ubuntu utaona kwamba ni hilo tu lisilo na namba ya mwezi wa 4 wala wa 10. Mimi napenda namba hiyo. Ni kuchelewa kulikoandikwa katika jina lenyewe, na hakuna aliyejaribu kukuficha.

Basi, mtu atasema, dawa ya Debian ni fedha: walipwe, nao watawahi. Jambo hilo lilijaribiwa, na mwisho wake wafaa kukumbukwa. Mwaka 2006 Anthony Towns, aliyekuwa kiongozi wa Debian, pamoja na wenzake walianzisha mchango ulioitwa Dunc-Tank. Nia yake ilikuwa kuwalipa wasimamizi wawili wa toleo, kila mmoja mwezi mmoja wa kazi, ili toleo la 4.0 liwahi tarehe 4 Desemba 2006. Mara manung'uniko yakazuka. Walezi wengine waliuliza: Sisi tuliofanya kazi bure miaka hii yote, je, kazi yetu haina thamani? Wengine walipunguza bidii, na wengine wakaanza kutafuta kasoro zaidi kwa makusudi, kama namna ya kupinga. Yeyote aliyepata kushiriki msaragambo ataelewa. Watu hamsini huchimba mfereji wa maji kwa furaha na nyimbo. Lakini wawili wakipewa bahasha mbele ya wenzao, majembe mengine hulala chini. Desemba ilipita. Toleo likatoka tarehe 8 Aprili 2007. Sisemi kwamba fedha ndizo zilizolichelewesha, kwa kuwa kasoro zilikuwapo pia. Lakini haziwezi kusemwa kwamba ziliharakisha.

Dawa iliyofaa ilipatikana kwa njia nyingine, nayo ndiyo ninayoiona kuwa akili kubwa katika habari hii yote. Julai 2009, katika mkutano wao wa mwaka uliofanyika mji wa Cáceres, nchi ya Hispania, walitangaza kwamba kuanzia hapo watakachokipangia tarehe ni kufunga mlango. Siku ya kutoka haitaahidiwa. Mwanzo wenyewe ulikuwa mbaya: walitaja Desemba 2009, walezi wakalalamika kwamba hawakuulizwa, ikabidi tarehe ifutwe, na mlango ukafungwa Agosti 2010. Lakini desturi ilishika. Tazama miaka ya matoleo tangu hapo: 2011, 2013, 2015, 2017, 2019, 2021, 2023, 2025. Hakuna mwaka uliorukwa. Gari lililokuwa likiondoka likijaa sasa lapita kila miaka 2, na bado hakuna aliyeahidi siku.

Siri yake ni hii. Mlezi akijua kwamba mlango utafungwa Machi, hupanga kazi yake mwenyewe. Asipowahi, kifurushi chake hubaki na hali ya zamani, au huondolewa, na wenzake hawamngoji. Kwa toleo la 13 mlango ulifungwa kwa hatua: tarehe 15 Machi 2025 mabadiliko makubwa yalikatazwa, tarehe 15 Aprili yakakatazwa mapya, tarehe 15 Mei ukakazwa zaidi, tarehe 27 Julai ukafungwa kabisa, na baada ya majuma 2 toleo likatoka. Katika siku hizo za mwisho msimamizi bado ana ruhusa ya kusema "bado", na ruhusa hiyo hawakuiuza.

Huenda mtu akasema kwamba kuchelewa ni hasara tupu. Tarehe 29 Machi 2024 mhandisi mmoja wa kampuni ya Microsoft, Andres Freund, alitangaza jambo la kutisha. Aliona kwamba kuingia katika mashine yake ya majaribio kwa mbali kulichukua karibu nusu sekunde zaidi ya kawaida. Mwingine angepuuza. Yeye alifuatilia, akagundua kwamba ndani ya programu iitwayo xz, itumiwayo kubana mafaili, mtu aliyejifanya msaidizi mwema kwa miaka zaidi ya 2 alikuwa ametia mlango wa siri. Programu hiyo mbaya ilikwisha kuingia katika viwanja vya majaribio vya Debian, lakini haikuwa imefika katika toleo rasmi. Waliokuwa na haraka ya vitu vipya ndio waliokuwa hatarini. Waliokuwa nyuma walilala usingizi. Ubuntu, waliokuwa wanakaribia toleo la 24.04, waliahirisha toleo la majaribio juma moja, kutoka tarehe 4 hata 11 Aprili, ili watengeneze upya vifurushi vyote vilivyoweza kuwa vimeguswa. Kisha toleo kamili likatoka tarehe 25 Aprili kama ilivyopangwa. Nani angewalaumu kwa juma lile? Wenzao wa Fedora nao walifanya vivyo hivyo Novemba 2022, wakangoja hata tarehe 15 kwa ajili ya kasoro ya usalama katika programu ya OpenSSL.

Jambo jingine lisilosemwa sana linatuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zenye maagizo yote kwa Kiswahili. Kazi ya namna hiyo yategemea ratiba kuliko kazi nyingine yoyote. Mfasiri hawezi kufasiri maneno yanayobadilika kila siku. Leo kitufe chasema "Hifadhi", kesho mtengenezaji aongeza maneno matatu, na tafsiri ya jana haifai. Kwa hiyo mikusanyo mingi huwa na siku ya kugandisha maneno, kabla ya toleo, ili wafasiri wapate majuma kadhaa ya kufanya kazi kwa utulivu. Lugha yenye wafasiri wengi humaliza katika majuma hayo. Lugha yenye wachache, wanaofanya kazi usiku baada ya kazi zao za mchana, hukuta basi limeondoka, na nusu ya maagizo yamebaki Kiingereza hata safari nyingine. Mkusanyo ukichelewa majuma 2, wengine hununa, lakini mfasiri wa Kiswahili hushukuru. Wale wanaopenda somo la Kiswahili kuliko hesabu wajue kwamba mlango upo kwao pia, maana anayetakiwa huko ni mtu ajuaye lugha barabara.

Sasa nirudi katika chumba chetu. Tunazo mashine za aina mbili. Zilizo karibu na dirisha ni za zamani, za biti 32. Zile za ukutani ni za biti 64. Ubuntu iliacha kutoa programu ya kuwekea mfumo katika mashine za biti 32 tangu Oktoba 2017. Debian iliendelea nazo hata toleo la 12, lakini toleo la 13 halina tena programu hiyo kwa mashine za namna hiyo. Kwa hiyo wanaonihimiza "toleo jipya kwa mashine zote" wanataka, bila kujua, nizitoe mashine za dirishani nje. Toleo la 12 limeahidiwa utunzaji wa muda mrefu hata Juni 2028, na kabla ya siku hiyo sitaziondoa. Kwa mashine za ukutani habari ni njema zaidi. Utunzaji wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za umri wa hizi zetu hazipokei Windows 11. Lakini Debian 13 huzipokea bila shida.

Iliyobaki ni siku ya kuweka. Sitaweka toleo lolote katika juma lilipotoka. Hata toleo la Ubuntu 24.04.1, ambalo kazi yake ni kurekebisha la kwanza, liliahirishwa kutoka tarehe 15 hata 29 Agosti 2024 kwa sababu ya kasoro zilizowapata waliokuwa wakihama kutoka toleo la nyuma. Oktoba siiwezi kabisa, kwa kuwa Kidato cha Nne wanajiandaa kwa mtihani wa Novemba, na mashine iliyovurugika siku hizo haina wa kuitengeneza. Likizo ya Desemba ndiyo inayofaa, maana kwa kawaida matoleo ya katikati ya mwaka yamekwisha kupata marekebisho ya kwanza, na chumba ni kitupu.

Juu ya kupakua, tuhesabu pamoja. Ubuntu 24.04 ni karibu GB 6, nao ni mzigo mzito kwa bando la simu. Faili dogo la kuanzia la Debian halifiki GB 1, lakini huendelea kuvuta vingine kadiri linavyowekwa. Njia rahisi ni mtu mmoja apakue faili lililo kamili akiwa Sumbawanga mjini, alilinganishe na namba ya uhakiki inayotolewa pamoja nalo ili tujue halikuharibika njiani, kisha alilete kwa flashi. Nahitaji wanafunzi wawili wa Kidato cha Tatu watakaobaki siku mbili baada ya shule kufungwa, na flashi moja ya GB 16 au zaidi. Majina niyapate kabla ya juma la mitihani ya muhula. Mashine za dirishani hazitaguswa.